Miaka Iliyookolewa Isipotee: Afya, Mapumziko na Maisha Marefu kwa Wafanyakazi wa Homa Bay na Migori

Mwaka wa 2012, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Matokeo yalionyesha kuwa asilimia 24 ya watu wazima waliopimwa, karibu mmoja kati ya wanne, walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi. Uchunguzi uliporudiwa mwaka wa 2018, lengo la kimataifa la 90-90-90 lilikuwa limepitwa. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaoishi na virusi walijua hali yao, zaidi ya asilimia 90 ya hao walikuwa wakitumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamefaulu kuvidhibiti virusi mwilini.

Nyuma ya takwimu hizo kuna watu. Walimu, wauguzi, wavuvi, wachuuzi wa samaki na wahudumu wa bodaboda ambao miaka ya nyuma wangefariki wakiwa na umri wa miaka 30, leo wana miaka 45, 50 na 60. Wanasomesha watoto, wanalea wajukuu na bado wako kazini. Hayo ni mafanikio makubwa ya Nyanza Kusini.

Hata hivyo, mtu akifika umri huo anakutana na hatari nyingine: shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, magonjwa ya moyo na uchovu wa kazi usioisha. Hatari hizi haziwachagui wanaoishi na virusi pekee. Zinamkabili kila mtu anayefanya kazi kwa saa nyingi, analala kidogo, anakula kwa haraka na hana muda wa kupimwa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo utafiti wa kisayansi umethibitisha kuwa yanasaidia, na jinsi mkazi mwenye shughuli nyingi anavyoweza kuyafuata bila gharama kubwa.

Presha: ugonjwa usiopiga hodi

Shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, kwa kawaida halina dalili. Mtu anaweza kuishi nalo miaka kumi akijiona mzima huku mishipa ya damu, moyo na figo vikiharibika polepole. Mara nyingi dalili ya kwanza huwa ni kiharusi.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliohusisha Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kuwa karibu asilimia 24 walikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Kati ya waliokuwa na presha ya juu, takriban 16 tu kwa kila 100 ndio waliojua kwamba wanayo.

Tiba yake inafahamika vyema. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kuwa kupunguza kipimo cha juu cha presha kwa pointi 10 hupunguza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 27, na hatari ya kufa kwa sababu yoyote ile kwa takriban asilimia 13. Ni hatua chache sana za kiafya zinazoleta faida kubwa namna hiyo kwa gharama ndogo.

Eneo hili lenyewe limeshiriki katika kuthibitisha kwamba jambo hili linawezekana mashambani. Utafiti uliojulikana kama SEARCH ulifanywa na taasisi ya KEMRI, Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha California katika jamii 32 za vijijini magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 2019. Badala ya kupima virusi vya Ukimwi peke yake, kambi za afya zilipima pia presha na kisukari, na watu wakahudumiwa kwa magonjwa yote kwa pamoja. Baada ya miaka mitatu, maambukizi mapya ya virusi hayakutofautiana sana kati ya makundi mawili yaliyolinganishwa. Lakini katika jamii zilizopata huduma hiyo ya pamoja, asilimia 47 ya wenye presha ya juu walikuwa wameidhibiti, ikilinganishwa na asilimia 37 katika jamii nyingine.

Funzo kwa mkazi ni rahisi. Anayekwenda kliniki kuchukua dawa za kupunguza makali ya virusi, kumpeleka mtoto chanjo, au kutibiwa malaria, aombe kupimwa presha siku hiyo hiyo. Kipimo huchukua dakika chache.

Ili kipimo kiwe cha kweli, mtu anapaswa kuketi na kutulia kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti, miguu ikiwa imekanyaga sakafu na mkono ukiwa usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia. Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikipatikana katika siku mbili tofauti, huhesabiwa kuwa presha ya juu na kinahitaji matibabu. Kipimo cha 180/110 au zaidi kinahitaji kuonwa na mhudumu wa afya bila kuchelewa, hasa kikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuona maruerue.

Anayeanzishiwa dawa asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri si ushahidi kwamba presha imeondoka, kwani hata kabla ya dawa hakuwa akiisikia.

Saa nyingi za kazi zina bei yake

Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya kwanza ya pamoja kuhusu vifo vinavyotokana na kufanya kazi kupita kiasi. Yalikadiria kuwa mwaka wa 2016 watu 745,000 duniani walifariki kutokana na kiharusi na magonjwa ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mtu anayefanya kazi saa hizo ana hatari ya kiharusi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17, kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40.

Saa 55 si nyingi kwa wakazi wa hapa. Mhudumu wa bodaboda anayeanza saa kumi na mbili asubuhi na kurudi nyumbani saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, amekaa kazini saa 90. Muuguzi anayefanya zamu ya usiku kisha akafungua duka lake mchana, mwalimu anayesahihisha mitihani hadi usiku wa manane, na mama anayenunua samaki ufuoni alfajiri na kuuza sokoni hadi jioni, wote wamepita kiwango hicho.

Si kila mtu anaweza kupunguza saa za kazi, maana karo na chakula havingoji. Lakini kuna tofauti kati ya saa nyingi zenye mapumziko na saa nyingi zisizo na mapumziko. Mwili hujirekebisha wakati wa kupumzika na wakati wa kulala. Anayeshindwa kupunguza saa za kazi anaweza angalau kulinda saa za usingizi na siku moja ya mapumziko kwa wiki.

Usingizi si uvivu

Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kwa siku. Wakati wa usingizi presha hushuka, ubongo hupanga kumbukumbu, na kinga ya mwili huimarika. Anayelala chini ya kiwango hicho kwa muda mrefu huwa katika hatari kubwa zaidi ya presha, kisukari, kunenepa kupita kiasi na mfadhaiko.

Hatari ya haraka zaidi ni ajali. Tafiti zilizofanywa Australia miaka ya 1990 zilionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya makosa sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24 bila kulala, hali yake ni kama ya mtu mwenye kiwango cha asilimia 0.10, ambaye katika nchi nyingi haruhusiwi kabisa kushika usukani. Dereva huyo hajaonja pombe, na kifaa cha polisi cha kupima ulevi hakitamnasa.

Jambo hili linagusa desturi moja ya eneo hili. Wengi husafiri Ijumaa usiku kutoka Nairobi, Nakuru au Mombasa kuja mazishini, hukesha matangani, humzika marehemu Jumamosi, kisha hurudi barabarani Jumapili ili wawahi kazi Jumatatu. Kumsindikiza mpendwa ni wajibu na ni heshima. Lakini dereva wa familia anapaswa kupewa nafasi ya kulala kabla ya safari ya kurudi, hata ikimbidi akose sehemu ya mkesha. Inapowezekana, wawepo madereva wawili, na safari ianze mchana.

Wavuvi wa omena na wauguzi wa zamu ya usiku wana changamoto ya pekee. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na kazi hupungua mbalamwezi inapong'aa. Mvuvi hulala mchana, wakati jua ni kali na ufuo una kelele. Mwaka wa 2007 na tena mwaka wa 2019, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu ya usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa binadamu. Kazi hizi haziwezi kuachwa, kwani hospitali hazifungwi usiku na omena hawaji mchana. Lakini madhara yanaweza kupunguzwa:

Kwanza, alale mapema iwezekanavyo baada ya zamu, katika chumba chenye giza. Pazia zito au leso iliyokunjwa dirishani inatosha.

Pili, alale kwenye chandarua hata mchana na hata akiwa ufuoni. Eneo la ziwa lina malaria mwaka mzima, na chandarua kimetengenezwa kwa kulalia.

Tatu, apate usingizi mfupi wa dakika 20 hadi 30 kabla ya zamu, au katikati ya zamu pale inaporuhusiwa.

Nne, asinywe kahawa, chai nzito au vinywaji vya kuongeza nguvu katika saa sita kabla ya kulala. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa kafeini nyingi, hata ikinywewa saa sita kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja.

Tano, familia na majirani waelewe kuwa saa tano asubuhi ni usiku wake. Kumwamsha kwa jambo dogo ni sawa na kumwamsha mtu mwingine saa nane za usiku.

Katika kipindi cha mbalamwezi, mvuvi atumie siku hizo kulipa deni la usingizi na kwenda kliniki, badala ya kuzijaza zote na vibarua vingine.

Mwili unaosonga hudumu

Mwaka wa 1953, daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Madereva waliketi siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi za basi kutwa nzima wakikusanya nauli. Watu hawa walifanya kazi katika gari moja, katika jiji moja, lakini makondakta waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Utafiti huo ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kuonyesha wazi kuwa kuketi kwa muda mrefu ni hatari kwa moyo.

Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano. Kipimo cha mwendo wa haraka ni rahisi: mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Mkulima wa Kuria anayelima kwa jembe, mvuvi anayevuta nyavu, na mama anayebeba maji kutoka mtoni wamekwisha kutimiza kiwango hicho. Mahitaji yao ni kupumzika na kula vizuri. Walio hatarini zaidi ni wanaoketi: maafisa wa ofisi za kaunti, walimu, makarani wa benki, madereva wa matatu na wahudumu wa bodaboda. Pikipiki husonga, lakini anayeiendesha ameketi.

Kwa watu hawa, njia nyepesi ni kuingiza mazoezi ndani ya kazi. Afisa anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya ofisi na kutembea. Mwalimu anaweza kufundisha akiwa amesimama na kuzunguka darasa. Wahudumu wa bodaboda wanaosubiri abiria wanaweza kusimama na kutembea badala ya kulalia pikipiki. Misuli ya miguu ikiimarishwa mapema, mtu akifika uzeeni haanguki ovyo na hahitaji kushikwa mkono kwenda msalani.

Sahani na kikombe

Eneo hili limebarikiwa chakula kizuri. Ziwa linatoa omena, ngege na mbuta. Mashamba yanatoa viazi vitamu vya Kabondo, karanga, mtama, wimbi, kunde, managu na mrenda. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mlaji protini na madini ya kalsiamu kwa bei nafuu. Ugali wa mtama au wimbi una nyuzinyuzi nyingi kuliko ugali wa unga mweupe uliokobolewa, na humshibisha mtu kwa muda mrefu zaidi.

Tatizo huwa katika chumvi, sukari na mafuta. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni pungufu ya kijiko kimoja cha chai kilichojaa, ukihesabu chumvi yote ya siku nzima. Viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vipande vina chumvi nyingi, kwa hiyo anayevitumia hahitaji kuongeza chumvi tena. Chumvi ikae jikoni, isiwekwe mezani.

Uzito wa jambo hili ulionekana nchini China. Katika vijiji 600, watu waliowahi kuugua kiharusi au wazee wenye presha walifuatiliwa kwa takriban miaka mitano. Katika nusu ya vijiji, chumvi ya kawaida ilibadilishwa na chumvi iliyopunguzwa sodiamu na kuongezwa potasiamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 yalionyesha kuwa kiharusi kilipungua kwa takriban asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Badiliko lilikuwa kwenye kopo la chumvi tu. Mboga za majani, ndizi, maharagwe na viazi vitamu vina potasiamu kwa wingi. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari kabla ya kutumia chumvi ya aina hiyo.

Kuhusu sukari, kiwango kinachofaa kiafya ni takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, amekwisha kupita kiwango hicho kabla ya kugusa soda. Kupunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili huuzoesha ulimi bila taabu.

Tumbaku, pombe na ahadi za chupani

Mwaka wa 1951, watafiti wa Uingereza walianza kufuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000, watu wenye elimu na kazi nyingi, kwa miaka 50. Waliogundua kuwa wavutaji sigara waliishi takriban miaka 10 pungufu kuliko wasiovuta. Habari njema ilikuwa upande wa pili: aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa karibu miaka yote 10, aliyeacha akiwa na miaka 40 aliokoa takriban 9, akiwa na 50 takriban 6, na akiwa na 60 takriban 3. Haijawahi kuwa kuchelewa mno kuacha. Ujumbe huu una uzito wake Migori, ambako tumbaku imekuwa zao la biashara kwa miongo mingi.

Kuhusu pombe, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka wa 2023 kwamba hakuna kiwango kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Glasi ya kuleta usingizi pia hudanganya: mtu husinzia haraka lakini usingizi wenyewe huwa wa kukatika-katika.

Wakazi wawe macho pia na dawa zinazouzwa vituoni na sokoni kwa ahadi ya kuongeza nguvu, kusafisha damu au kurefusha maisha. Hakuna kidonge wala chupa ya sokoni iliyothibitishwa kumwongezea mtu mwenye afya miaka ya kuishi. Baadhi ya dawa hizo hupandisha presha au kuharibu ini na figo.

Uchovu wa akili na nguvu ya watu wa karibu

Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwa undani hali ya kuchoshwa na kazi. Ina alama tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia kazi au kutojali tena wanaohudumiwa, na kuona kwamba juhudi hazizai matunda. Muuguzi aliyekuwa mpole anapoanza kuwafokea wagonjwa, huenda si tabia mbaya. Huenda amechoka kupita uwezo wake, na msimamizi wake anapaswa kuliona hilo kabla ya kumwandikia barua ya onyo.

Hali hii si ugonjwa wenyewe, lakini inaweza kufuatana na mfadhaiko, ambao ni ugonjwa na una tiba. Huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, kukosa hamu ya mambo yote, au mawazo ya kujidhuru ni sababu ya kutafuta msaada mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu.

Msaada si lazima utoke kwa daktari bingwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, wanawake 421 wa mitaa ya pembezoni mwa Nairobi waliokuwa na msongo wa mawazo walishirikishwa, na nusu yao wakapewa vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa. Hali yao iliimarika kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Nchini Zimbabwe, wanawake wazee waliofunzwa kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati walionyesha mafanikio kama hayo katika utafiti wa mwaka wa 2016.

Watu wa karibu nao ni kinga. Uchambuzi wa tafiti 148 zilizohusisha zaidi ya watu 300,000, uliochapishwa mwaka wa 2010, ulionyesha kuwa wenye uhusiano mzuri na wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa takriban asilimia 50, kuliko waliokuwa wapweke. Chama, kwaya, kikundi cha akina mama, timu ya mpira na ibada ya wiki si kupoteza wakati. Ni sehemu ya afya.

Haki ya kupumzika iko katika sheria

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mwajiriwa siku moja ya mapumziko angalau katika kila siku saba. Inampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 zenye malipo baada ya kila miezi 12 ya kazi. Baada ya miezi miwili mfululizo ya kazi, anayeugua ana haki ya siku saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine saba kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Likizo si zawadi ya mwajiri, na kuirundika mwaka baada ya mwaka hakumsaidii yeyote.

Wahudumu wa bodaboda, wavuvi na wachuuzi hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Lakini wana vyama vyao, ushirika wa akiba na kamati za usimamizi wa fuo. Vikundi hivi vinaweza kukubaliana siku ya mapumziko, kuweka akiba ya kumsaidia mwanachama anayeugua, na kumwalika mhudumu wa afya kupima presha kituoni au ufuoni. Mtu mmoja akipumzika peke yake hupoteza wateja. Wote wakikubaliana, hakuna anayepoteza.

Pa kuanzia

Kila kijiji kina mhamasishaji wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji zaidi ya 100,000 kote nchini wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari. Mkazi anaweza kumwomba ampime nyumbani. Aidha, tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na aliyejisajili anapata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa. Ambaye hajajisajili afanye hivyo kabla ya kuugua.

Kwa aliye na shughuli nyingi, mambo matano yanatosha kuanza nayo mwezi huu: apimwe presha na sukari na aandike matokeo; apange saa ya kulala na kuiheshimu; atembee nusu saa siku tano kwa wiki; apunguze chumvi na sukari; na achague siku moja ya mapumziko katika wiki.

Uchovu usioisha hata baada ya kulala vya kutosha usichukuliwe kuwa ni kazi tu. Unaweza kuwa dalili ya upungufu wa damu, malaria, kichocho, kisukari, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi, na yote hayo yanapimika na kutibika au kudhibitika. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa kwa wachimbaji wa dhahabu, kinahitaji kipimo cha kifua kikuu.

Mwisho, kila nyumba izijue dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kufa ganzi au kulegea ghafla, na maneno kutoeleweka. Mtu akipata mojawapo ya dalili hizi, asipewe chakula wala kinywaji, asisubirishwe hadi asubuhi, bali apelekwe hospitalini papo hapo. Kila dakika inayopita, sehemu ya ubongo hupotea.